Kicheko cha Mwenye Gemu

Mwenye Gemu alicheka kabla hajafikiri, na hicho kicheko ndicho kilichomponza.

Ilikuwa alasiri, na chumba chake cha kuchezea gemu kilikuwa kimefurika. Runinga zote nne zilikuwa na watu, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama nyuma ya mabega ya wenzao wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Feni ya darini ilizunguka kwa kujilazimisha. Sababu ya msongamano wote huo ilikuwa gemu jipya la ngumi. Tangu liingie, mtaani watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Kila mmoja alikuwa na mpiganaji wake na yuko tayari kumtetea kama ndugu wa damu. Yule mwenye nywele za fedha, anayeruka kama panzi, vijana walimgombania. Lile jitu lenye mikono kama magogo lilikuwa la wabeba mizigo wa sokoni, na mtu mwingine akilichagua walimtazama kama aliyevaa viatu vyao.

Mmoja tu hakuwa na mwenyewe. Jina lake Cheche. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, aliyeungua upande wa kushoto wa uso kuanzia kwenye unyusi hadi shingoni. Waliomtengeneza hawakumpa kofia wala barakoa. Walimwacha vile vile, ngozi imekunjamana, jicho moja limevutwa kidogo chini, na alipokuwa akisubiri pambano alikutazama moja kwa moja.

Siku hiyo mashine ilimchagulia Kinyozi mpiganaji kwa kubahatisha, ikampa Cheche. Kinyozi huyo alikuwa na kibanda chake ukuta kwa ukuta na chumba cha gemu. Alikuwa bingwa wa pale kwa mchezo, na kwa maneno pia hakuwa na mpinzani. Akaiweka pedi ya kuchezea mapajani, akashika kifua.

"Huyu mimi simwezi," akasema. "Nikimtazama tu, napata kiungulia."

Neno likawafikia watu mmoja mmoja. Aliyeungua, kiungulia. Chumba kikalipuka. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Na Mwenye Gemu, nyuma ya meza yake, alicheka kuliko wote, kicheko cha tumboni, mpaka akajifuta machozi kwa kiganja.

Alipogeuka kutafuta kitambaa, aliona pazia la mlango wa nyuma likitikisika. Mlango huo ndio uliounganisha chumba cha gemu na nyumba yake. Kwenye kigoda, upande wa ndani, kulikuwa na bilauri ya maji baridi imewekwa polepole, bila kumwagika hata tone. Aliyeileta alikuwa ameshaondoka.

Ni bintiye peke yake aliyekuwa na desturi ya kumletea maji saa kama hizo.

*

Binti alikuwa na miaka kumi na saba. Aliungua alipokuwa mdogo, jiko la mafuta lilipolipuka, na upande wa uso wake ulioungua ulikuwa huo huo wa kushoto. Basi gemu lilipoingia na baba yake akalijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi kabla ya wateja, yeye alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio. Picha ya Cheche ilipotokea, ufagio ulinyamaza.

"Baba," alisema baada ya muda, "rudi hapo nyuma kidogo. Kwa huyo."

Kuanzia siku hiyo kulikuwa na mabadiliko ambayo baba na mama waliyaona na kuogopa hata kuyataja, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. Binti alianza kucheza asubuhi kabla chumba hakijafunguliwa. Kisha mtandio, ambao kwa miaka mingi aliuvuta mpaka shavuni hata mbele ya wageni wa kawaida, ukaanza kushuka. Kwanza ndani ya nyumba. Halafu uani. Halafu siku moja akaenda sokoni na mama yake, mtandio uko mabegani kama wa mtu mwingine yeyote, na mama yake alitembea kando yake akijifanya anahesabu vitunguu.

Mama huyo alikuwa mwokaji wa mikate. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi asubuhi jua likiwa limepanda, nywele zake zikinukia chachu. Alipoona hali imekuwa hivyo, alijipa moyo akazungumza na tajiri wake: dukani mbele kunahitajika mtu wa kupokea wateja, na yeye ana binti, mwaminifu, hesabu zake safi. Tajiri alisitasita, akauliza kama ni yule. Mama akasema ndiyo, ni yule. Tajiri akakubali. Binti angeanza Jumatatu.

Lakini jioni ile ya kicheko, Binti aliwaandalia chakula mtandio umefungwa mpaka chini ya jicho. Akamkaribisha baba yake kwa adabu zote. Na adabu zile zilimchoma baba kuliko tusi.

"Mama," alisema baba, akimwita Binti kama alivyomwita tangu utotoni, "mbona huli?"

"Nimeshiba, baba."

"Umekula saa ngapi?"

"Nimeonja wakati napika."

Mkewe aliwatazama wote wawili, akaendelea kumega mkate. Jumapili Binti alimwambia mama yake kwamba kazi ile ya dukani ameifikiria, ameona haimfai, heri abaki nyumbani. Mama aliuliza sababu mpaka akachoka. Binti hakumtaja baba yake. Alisema tu, "Niko sawa, mama. Usinisumbukie."

*

Jumatatu asubuhi mkewe alirudi, akakaa kwenye ngazi ya uani bila kuvua aproni. Unga ulikuwa umemganda kwenye mikunjo ya viwiko. Mwenye Gemu alimletea birika la maji ya kunawa.

"Nimemwambia tajiri kuwa mtoto haji," alisema mkewe. "Unajua alinijibu nini? Alishusha pumzi. Akasema, 'Labda ni heri hivyo, mama. Wateja nao, unajua walivyo.' Nami nikamwambia ahsante. Nimemshukuru, mwenzangu. Mtu ananiambia uso wa mwanangu utamfukuzia wateja, na mimi nasema ahsante."

Mwenye Gemu aliweka chini lile birika.

"Kuna kitu kilimpata huyu mtoto," mkewe aliendelea. "Wiki iliyopita alikuwa anaimba akifua. Ni nani aliyemsema? Nieleze nijue, maana yeye amekataa."

Angeweza kusema ni wateja. Ingekuwa kweli, na nusu ya kweli ni mto mzuri wa kulalia. Lakini alikumbuka kwamba Binti amemsitiri siku nzima ya Jumapili, huku mama yake akimbana kwa maswali, na akaona aibu kusitiriwa na mtoto.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umemsema?"

"Sikumsema. Nilicheka." Akaeleza yote: Cheche, Kinyozi, neno lenyewe, pazia, bilauri. Alipofika kwenye neno lenyewe alilitamka kwa sauti ya chini, na alishangaa jinsi lilivyokuwa bovu mdomoni mwake, wakati juzi lilikuwa tamu masikioni.

Mkewe hakupaza sauti. Alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Ningekuwa na nguvu ningekugombeza," alisema mwishowe. "Lakini nimesimama kwenye tanuri tangu alfajiri."

"Nisamehe."

"Mimi usiniombe. Mimi hukunicheka." Akainuka, akashika mlango. "Na ukienda kwake, usiende na maneno ya kumbembeleza. Ana masikio yule. Anajua senti bandia kwa mlio."

*

Alimkuta Binti anaosha vyombo uani. Akachukua kitambaa, akaanza kumfutia sahani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Binti alimtupia jicho, akasogea kumpa nafasi.

"Juzi ulileta maji," alisema Mwenye Gemu.

"Ndiyo."

"Ukanisikia."

Binti alisugua sufuria. "Mtaa mzima ulikusikia, baba. Una kicheko kikubwa."

Walifuta na kuosha. Sahani moja Mwenye Gemu aliifuta mara tatu.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema Binti. "Unijibu kweli. Ulicheka kwa sababu wateja wanacheka, au kwa sababu lilikuwa linachekesha?"

Mwenye Gemu alijua jibu lipi lingekuwa rahisi. Wateja ni riziki, mtu hucheka na wateja wake kama anavyowapa kiti. Hata mtoto angelielewa hilo. Lakini maneno ya mkewe kuhusu senti bandia yalikuwa bado yanalia kichwani mwake.

"Lilikuwa linachekesha," akasema. "Nilicheka kwa sababu linachekesha. Wala sikukukumbuka. Ndilo linaloniumiza, mama. Nilicheka kama mtu ambaye hana mtoto."

Mikono ya Binti ilitulia ndani ya maji. Mwenye Gemu alidhani ameharibu kila kitu.

"Ungesema ni wateja, nisingekuamini tena maisha," alisema Binti. Kisha akaongeza, "Hata mimi nililiona linachekesha. Nilipofika chumbani ndipo nikaanza kulia. Kwanza nilikaribia kucheka. Nikajichukia."

"Usijichukie."

"Si wao wanaoniuma, baba. Nimezoea kutazamwa. Ila nilikuwa nimeanza kumpenda yule. Nikafikiri, kumbe mtu anaweza kuwekwa pale, mbele ya dunia nzima, na uso huu, na watu wakasema 'namchagua yeye.' Sasa nimesoma wanavyomwandika kwenye mtandao. Watu elfu na elfu. Wanabandika picha zake wakimpaka uso mwingine. Wengine wanasema wamelipia gemu ili wafurahi, si ili watishwe." Akainua sufuria, akamwaga maji. "Akikucheka mtu mmoja, unaweza kusema ni jirani tu mwenye mdomo. Lakini hawa wote, baba, wanaweza kukosea wote kwa pamoja?"

Mwenye Gemu alimpokea sufuria, akaifuta ndani na nje. Mtandio wa Binti ulikuwa umelowa maji pembeni. Hakuuvua, wala baba yake hakumwomba auvue.

*

Kinyozi alipoambiwa, wembe ulimganda mkononi. Alikuwa amemkalisha mteja kitini, povu tayari kidevuni.

"Kaka, subiri," alisema. "Unasema nilimcheka Binti?"

"Ulimcheka Cheche. Binti akasikia."

"Lakini hao wanahusiana nini?" Kinyozi aliuliza, na Mwenye Gemu alipomtazama aliona hadanganyi. Mtu huyu alikuwa amemnyoa Binti nywele za kwanza. Alikuwa amembeba begani alipotoka hospitali, bandeji zimemfanya kama kifurushi. Uso ule alikuwa ameuzoea mpaka hauoni tena. "Mimi huyu mtoto simwoni kama... Mimi namwona tu. Basi."

"Najua."

"Mdomo wangu huu." Kinyozi aliketi kwenye benchi la kusubiria, mteja wake akabaki na povu lake. "Nitamwambia nini?"

"Mwenyewe sijui. Mimi nilifuta sahani."

Kinyozi alikwenda mchana huo huo, akasimama mlangoni mwa uani kama mdaiwa. Bingwa wa maneno hakuwa nayo. Alisema neno lile lilimtoka, na kwamba angejua njia ya kulirudisha angelifuata hata kwa magoti.

"Halirudi, mjomba," Binti alimwambia. "Mpaka nchi nyingine limeshafika. Kuna mtu alikurekodi, akaliweka mtandaoni. Linapendwa sana."

Kinyozi alifunika uso kwa mikono miwili.

"Karibu uketi," alisema Binti, maana alimwonea huruma. "Utasimama mlangoni mpaka lini?"

*

Wiki haikuisha, kampuni iliyotengeneza gemu ikatoa tangazo. Walisema wamewasikia wapenzi wa mchezo. Toleo jipya lingerekebisha makosa madogo madogo, lingeongeza uwanja mpya wa kupigania, na Cheche angepewa sura mpya. Picha ikawekwa. Alikuwa mrembo, shavu laini kama yai. Kwenye mtandao watu walishangilia, na katika chumba cha gemu wakashangilia pia, ingawa wachache, walipomkumbuka mwenye nyumba, walishusha sauti.

"Mjomba, pakua leo leo," alisema mbeba mizigo mmoja. "Uwanja mpya ule wanasema una mvua."

Mwenye Gemu aliingia ndani. Binti alikuwa ameshaiona picha kwenye simu. Alikuwa ameketi kitandani, simu imelala kifudifudi kando yake.

"Nisipopakua, hawataweza kucheza na watu wa mbali," alisema baba yake. "Wataenda chumba kingine. Hilo nakuambia ulijue, sikufichi. Ila nikipakua, yule wa mwanzo anafutika. Sema."

"Usifanye kwa ajili yangu, baba. Tunakula kwa chumba kile."

"Sijakuuliza tunakula nini. Nimekuuliza unataka nini."

Binti alifikiri kwa muda mrefu. Hakuna aliyemzoesha swali la namna hiyo.

"Runinga moja," akasema mwishowe. "Ile ya pembeni, ambayo hata sauti yake inakwaruza. Hiyo ibaki."

Basi runinga tatu zikapata toleo jipya, na ile ya pembeni ikachomolewa waya wa intaneti. Watu waliuliza, wakaambiwa mashine yake ni nzee, haipokei. Kinyozi ndiye aliyeharibu uongo huo siku ya pili, alipouliza mbele ya wote kama anaweza kuhamia pembeni, maana anataka kujifunza kumtumia Cheche yule wa kwanza. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila utani. Alipigwa mapambano yote ya siku hiyo. Waliomzoea kama bingwa walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Kazi ya dukani ilikuwa imeshapata mtu mwingine, mpwa wa tajiri. Mama wa Binti aliendelea kuamka alfajiri na kumpa tajiri salamu zake za kila siku, ila neno ahsante hakumwambia tena. Binti alianza kukaa kwenye meza ya baba yake saa za asubuhi. Siku nyingine mtandio ulikuwa shavuni, siku nyingine mabegani, na wazazi wake wakaacha kuusoma kama saa ya ukutani.

*

Asubuhi moja aliingia mwanamume ambaye hakuna aliyemfahamu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ilionekana kwa suruali yake yenye matundu ya cheche. Alivaa fulana ya mikono mirefu ingawa kulikuwa na joto, na mkono wa kulia aliuweka mfukoni. Mwenye Gemu alikuwa anafunga waya nyuma ya runinga.

"Samahani," mgeni alisema. "Nimetoka upande wa pili wa mji. Nimesikia kwa kinyozi mmoja kwamba hapa bado mna yule wa zamani."

"Yule nani?" aliuliza Binti kutoka mezani.

"Cheche. Kabla hawajamtengeneza." Alisita. "Kwangu nilikuwa naye. Nikawasha intaneti kwa kusahau, akaondoka."

Binti alimwonyesha runinga ya pembeni. Mgeni akaketi, akautoa mkono mfukoni kushika pedi. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana, na kovu lilipanda ndani ya mkono wa fulana kama wino uliomwagika. Binti aliutazama mkono. Mgeni aliutazama uso. Hakuna aliyeangalia pembeni.

"Wewe ilikuwa nini?" aliuliza mgeni.

"Jiko la mafuta. Wewe?"

"Mtungi wa gesi. Mwaka wa tatu huu." Akajaribu vitufe, kimoja baada ya kingine. "Wako bado unawasha?"

"Kukiwa na joto tu. Na ukivutwa nikicheka sana."

"Mimi unawasha kila saa. Daktari alisema utaacha."

"Utaacha," alisema Binti. "Unachelewa, lakini unaacha. Unapaka nini?"

Mgeni akaanza kumweleza. Binti alivuta kiti chake kutoka mezani mpaka pembeni, akamkatiza kumwambia dawa hiyo inakausha, kuna nyingine. Kisha akanyoosha kidole kwenye runinga, akamwonyesha kwamba kitufe anachokibonyeza kwa kidole gumba kinaweza kubonyezwa kwa kiganja, ili vile vidole viwili visihangaike.

"Nilikuwa sijui kama inawezekana," alisema mgeni.

"Jaribu sasa."

Mwenye Gemu alimaliza waya wake, ingawa ulikuwa umeshamalizika zamani. Alipita nyuma yao kwa kunyata, jitu zima la makamo, akatoka nje na kuurudishia mlango nusu. Akasimama barazani.

Kinyozi alikuwa anafungua kibanda chake. Nyuma ya mlango ule kulisikika sauti ya Binti, inasema kitu haraka haraka, na sauti ya mwanamume inauliza tena.

"Kaka, vipi?" aliuliza Kinyozi. "Mbona umetolewa nje ya chumba chako mwenyewe?"

"Ndani kuna watu wanazungumza," alisema Mwenye Gemu, akaketi kwenye ngazi.